Kupima maji ya mto na kisima kabla ya kumwagilia mazao

Jicho si kipimo cha maji ya shamba. Kuna maji ya kisima yanayong'aa hadi unaona sarafu iliyodondoka chini ya ndoo, na hayo hayo yanaunguza ncha za majani ya maharage ndani ya wiki chache. Kuna maji ya mto yaliyojaa tope ambayo mimea huyanywa bila shida, ila yanaziba mipira ya umwagiliaji wa matone. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa au kujaza chupa ya maabara, amua kwanza unataka kujua nini. Je, chumvi iliyomo itauzuia mmea kunywa? Je, sodiamu itaharibu udongo? Je, kuna kitu cha kuunguza majani au kuziba vifaa? Na mlaji wa mazao hayo, atapona au ataugua tumbo? Kila swali lina kipimo chake. Ripoti inayosema tu "maji ni salama" haijajibu hata moja.

Hatua ya 1: Tembea kabla ya kupima

Kama chanzo ni mto, ufuate kuelekea juu kadiri miguu inavyoruhusu. Unatafuta kinachoingia mtoni kabla maji hayajafika kwenye pampu yako: mfereji wa maji machafu, kiwanda, machinjio, mgodi, mahali mifugo inaponyweshwa, mashamba yanayopuliziwa dawa za magugu. Utakachokikuta ndicho kitakachokuambia uombe vipimo gani vya ziada. Maabara hupima kile ulichoomba tu. Usipotaja dawa ya magugu, hakuna atakayeitafuta.

Kisimani maswali ni mengine. Choo cha shimo kiko umbali gani, na je, kiko upande wa juu wa mteremko? Mdomo wa kisima umejengewa na kufunikwa, au maji ya mvua yanarudi ndani pamoja na uchafu wote wa juu? Kisima kikiwa karibu na bahari, jua kwamba ardhini maji baridi (yasiyo na chumvi) yanaelea juu ya maji ya chumvi. Pampu ikivuta kupita kiasi chumvi hupanda kidogo kidogo, na kisima kilichoanza msimu kikiwa kizuri humaliza kikiwa kibaya.

Angalia pia ardhi iliyokwisha kumwagiliwa kwa maji hayo. Ukoko mweupe kwenye vichwa vya matuta ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka. Sabuni kukataa kutoa povu kunawatisha wengi, lakini maana yake ni kwamba maji yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na kwa udongo hiyo ni afadhali kuliko yale maji laini ya magadi yanayotoa povu kwa urahisi.

Hatua ya 2: Chagua siku mbaya

Sampuli iliyochukuliwa mto ukiwa umejaa vizuri itakupa majibu ya kufurahisha yasiyo na kazi. Chukua moja mwishoni mwa kiangazi, mto ukiwa umepungua na chumvi imejikusanya. Hapo ndipo unapomwagilia zaidi pia. Chukua nyingine mvua za kwanza zinapoanza kusomba kinyesi, tope na mabaki ya dawa kutoka mashambani. Kwa kisima, pima mwanzo wa msimu wa kuvuta maji na upime tena mwisho wake. Tofauti kati ya namba hizo mbili mara nyingi inasema mengi kuliko namba zenyewe.

Hatua ya 3: Kuchukua sampuli

Makosa mengi ya vipimo hufanyika hapa, si maabara. Tumia chupa mpya ya plastiki ya lita moja. Chupa iliyowahi kuwekwa dawa, mafuta au sabuni haifai, hata uioshe namna gani. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayoyapima, na kila mara mwaga maji ya kusuuzia mbali na unapochota, au upande wa chini wa mkondo. Chupa ya kupimia bakteria ni tofauti: huja kutoka maabara ikiwa imesafishwa na kufungwa, haisuuzwi, na vidole havigusi mdomo wala sehemu ya ndani ya kifuniko.

Mtoni, simama ukiutazama mkondo unakotoka, ili tope unalolitibua lipite nyuma yako. Zamisha chupa kama sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa maji, mdomo ukielekea juu ya mto, mahali maji yanapotembea. Epuka vidimbwi vya ukingoni, na epuka pia sehemu iliyo chini kidogo tu ya makutano ya mito miwili, kwa sababu maji yanaweza kwenda sambamba kwa umbali mrefu bila kuchanganyika. Ikiwa pampu yako inavuta maji kutoka kwenye kidimbwi fulani, basi chota hapo hapo. Unapima maji yatakayofika shambani, si mto mzima.

Kwenye kisima cha bomba, maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya ardhini. Yamekaa na chuma, yamepata hewa na yamebadilika. Endesha pampu mpaka umetoa kiasi mara tatu ya maji yaliyomo. Kulijua hilo kunahitaji hesabu ndogo: bomba la kipenyo cha sentimita 15 lenye kimo cha maji cha mita 30 lina takriban lita 530, kwa hiyo toa kama lita 1,600 kwanza. Kama huna vipimo vya kisima, fuata kifaa: maji yakishatoa usomaji ule ule wa chumvi na joto mara tatu mfululizo, kwa nafasi ya dakika chache, yako tayari. Chotea kwenye koki iliyo karibu na kisima, si kwenye tangi.

Chupa ya kupimia chumvi ijaze hadi juu bila kuacha hewa, funga, kisha andika juu ya chupa yenyewe (si juu ya kifuniko, vifuniko hubadilishana) mahali, tarehe, saa, kina na hali ya hewa. Weka kwenye kasha lenye barafu. Sampuli ya bakteria ifike maabara ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6. Za chumvi zinavumilia zaidi.

Hatua ya 4: Pima papo hapo

Vitu vitatu hupimwa pale pale chanzoni: joto, pH (kipimo cha uasidi wa maji), na uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao kwenye kifaa huandikwa EC. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, na hapo ndipo kipimo cha chumvi kinapotoka. pH haisubiri, kwa sababu maji ya kisima yakifika juu hupoteza hewa ya kaboni na namba hupanda ukiwa njiani kwenda maabara.

Kifaa cha mkononi kinatosha, mradi ukirekebishe kwanza. Cha EC kitumbukize kwenye maji ya kurekebishia yenye 1,413 mikrosimensi kwa sentimita katika nyuzi 25, na cha pH kwenye maji ya pH 7 kisha ya pH 4 au 10. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa) kila unapohama. Ncha ya kipimo cha pH haitunzwi ikiwa kavu wala ndani ya maji yaliyotoneshwa. Ina maji yake maalumu ya kuhifadhia, na wanaopuuza hilo hununua kifaa kipya mapema. Angalia pia kama kifaa chako kinajirekebisha kwa joto. Kama hakijirekebishi, EC hubadilika kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi, hivyo maji ya nyuzi 15 yataonekana kuwa na chumvi pungufu kwa karibu moja ya tano.

Tahadhari moja kuhusu vifaa vinavyoonyesha miligramu za chumvi kwa lita. Havipimi miligramu. Vinapima EC kisha vinazidisha kwa namba ya kiwandani, vingine kwa 0.5, vingine kwa 0.7. Vifaa viwili vyema vinaweza kutoa majibu tofauti kwa kikombe kimoja. Soma EC moja kwa moja, na ukihitaji miligramu zidisha EC iliyo katika desisimensi kwa mita kwa 640. Na kumbuka desisimensi 1 kwa mita ni mikrosimensi 1,000 kwa sentimita. Watu wengi wameogopeshwa na namba 900 ambayo kumbe ni 0.9 tu.

Hatua ya 5: Kusoma chumvi

Viwango vinavyotumiwa zaidi ni vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) vya mwaka 1985. EC ikiwa chini ya 0.7 desisimensi kwa mita, chumvi si tatizo kwa zao lolote la kawaida. Kati ya 0.7 na 3.0 inategemea zao na namna unavyomwagilia. Juu ya 3.0 kuna shida kubwa, isipokuwa kwa mazao machache yanayovumilia.

Hilo "inategemea zao" lina uzito. Maharage na karoti huanza kupunguza mavuno maji yakipita 0.7. Kitunguu ni 0.8, mahindi 1.1, kabichi 1.2, nyanya 1.7. Ngano hufika 4.0 na shayiri 5.3 bila kupoteza kitu. Kwa hiyo kisima cha 1.5 ni kibaya kwa mwenye maharage na ni kizuri kwa mwenye nyanya, wakati maji ni yale yale. Namba hizi zinadhani kwamba udongo unapitisha maji vizuri na kwamba unamwagilia kwa ziada kidogo ya kusukuma chumvi chini ya mizizi. Kwenye udongo mzito usio na njia ya maji kutoka, zipunguze.

Usidharau namba ndogo pia. Maji ya EC 1.2 yana karibu gramu 770 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Ukimwagilia milimita 500 kwa msimu, hizo ni mita za ujazo 5,000 kwa hekta, na chumvi iliyoingia shambani inakaribia tani 4. Mmea unakunywa maji na kuiacha karibu yote.

Hatua ya 6: Sodiamu na udongo

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu kifaa cha EC hakioni tofauti kati ya chumvi na chumvi. Kalsiamu hushikanisha chembe za mfinyanzi na kuacha matundu ya maji na hewa. Sodiamu ikizidi, chembe huachana, zinaziba matundu, udongo unafunga ukoko na maji yanabaki juu yakituama. Maabara itakupa sodiamu, kalsiamu na magnesiamu, na kutokana na hizo inapatikana namba iitwayo SAR, yaani uwiano wa sodiamu dhidi ya kalsiamu na magnesiamu. Unaweza kuikokotoa mwenyewe.

Tuseme ripoti inasema sodiamu miligramu 184 kwa lita, kalsiamu 40, magnesiamu 24. Geuza kwanza kuwa miliekwivalenti (kizio kinachohesabu chaji za umeme badala ya uzito): gawanya sodiamu kwa 23, kalsiamu kwa 20, magnesiamu kwa 12.2. Unapata 8, 2 na 2. Jumlisha kalsiamu na magnesiamu (4), gawanya kwa 2 (2), tafuta kipeuo cha pili (1.41). Sasa gawanya sodiamu kwa hiyo: 8 kwa 1.41 ni 5.7. Hiyo ndiyo SAR.

Peke yake haitoshi. Inasomwa pamoja na EC. Kwa viwango vile vile vya FAO:

SAR 0 hadi 3: hakuna shida EC ikiwa juu ya 0.7, shida kubwa ikiwa chini ya 0.2.
SAR 3 hadi 6: hakuna shida juu ya 1.2, shida kubwa chini ya 0.3.
SAR 6 hadi 12: hakuna shida juu ya 1.9, shida kubwa chini ya 0.5.
SAR 12 hadi 20: hakuna shida juu ya 2.9, shida kubwa chini ya 1.3.

Umeona kitu cha ajabu? Kwa SAR ile ile, maji yenye chumvi nyingi zaidi ni salama zaidi kwa upenyaji. Chumvi huzibana chembe za udongo zisitawanyike. Ndiyo maana hata maji masafi mno ya mlimani, yenye EC chini ya 0.2, yanaweza kufunga ukoko. Na ndiyo maana shamba linalomwagiliwa kwa maji ya mfano wetu, ambayo EC yake ni karibu 1.2, linaweza kuonekana zima kiangazi chote kisha likakataa kupitisha maji mvua ya kwanza inaponyesha: mvua imesomba chumvi, sodiamu imebaki imeshikilia mfinyanzi.

Kuna jaribio la kuliona hilo kwa macho bila maabara. Chukua vidonge vikavu vya udongo wa shamba lako, vya ukubwa wa punje ya mahindi. Weka kimoja kwenye glasi ya maji ya kisima na kingine kwenye glasi ya maji ya mvua, taratibu, bila kukoroga. Viache mahali pasipotikisika, uvitazame baada ya saa 2 na tena kesho yake. Kidonge kubomoka vipande vipande si neno. Unachotafuta ni wingu jeupe linaloenea pembeni mwa kidonge na kukataa kutua chini. Wingu likitokea kwenye maji ya mvua tu, tayari udongo una sodiamu na chumvi ya kisima ndiyo inayoufichia. Likitokea kwenye maji ya kisima, usiendelee kuyatumia kabla ya kupata ushauri wa kutumia jasi, madini yenye kalsiamu.

Kabla ya kuiamini ripoti, ihakiki. Jumla ya miliekwivalenti za sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu inapaswa kukaribia EC mara 10. Katika mfano wetu ni 12 dhidi ya EC 1.2, sawasawa. Ukikuta 12 dhidi ya EC 2.5, kuna aliyekosea, na una haki ya kuomba warudie.

Hatua ya 7: Vinavyounguza na vinavyoziba

Kloraidi na boroni huingia kwa mizizi na kujikusanya kwenye kingo za majani. Boroni chini ya miligramu 0.7 kwa lita haina neno. Juu ya 3 ni hatari, na kifaa cha EC hakiwezi kuiona kabisa kwa kiwango hicho. Kloraidi ikizidi miliekwivalenti 3 kwa lita (kama miligramu 106) na unamwagilia kwa kunyunyizia juu ya majani, tarajia kuungua. Kunyunyizia usiku husaidia, kwa kuwa maji hayakauki haraka juu ya jani. Naitreti ni mbolea ya bure inayofika wakati isipotakiwa. Ikionekana, punguza mbolea yako.

Wenye matone wana shida yao nyingine, nayo ni chuma. Maji ya kisima yenye chuma hutoka yakiwa safi kabisa. Jaza chupa ya kioo, iache wazi usiku kucha. Asubuhi ukikuta rangi ya kutu na unga wa kahawia chini, chuma kimekutana na hewa, na ndivyo kitakavyofanya ndani ya matundu ya mipira yako. Zaidi ya miligramu 0.1 kwa lita panaanza usumbufu, zaidi ya 1.5 ni tatizo kubwa. Kuyapitisha maji kwenye tangi lenye hewa na kuyaacha yatue kabla ya kuchuja ndiyo tiba ya kawaida. Harufu ya yai bovu ni onyo la aina hiyo hiyo. Kwa maji ya mto, omba kipimo cha tope: chini ya miligramu 50 kwa lita chujio la kawaida linatosha, juu ya 100 utahitaji bwawa la kutulizia kwanza.

pH ya kawaida ni 6.5 hadi 8.4. Ikiwa nje ya hapo, haimaanishi maji mabaya moja kwa moja, ila inakuambia utafute sababu. Ikiwa juu, mara nyingi ni bikaboneti, ile inayoacha madoa meupe kwenye majani na matunda.

Kwa wasiwasi wa dawa ya magugu, kipimo cha maabara ni ghali, hivyo anza na mimea. Panda maharage au nyanya kwenye makopo mawili yenye udongo mmoja, moja ukilimwagilia maji yanayoshukiwa, la pili maji ya mvua, kwa wiki mbili hadi tatu. Majani kujikunja na kupotoka kwenye kopo moja tu ni sababu tosha ya kulipia kipimo.

Hatua ya 8: Vimelea

Hatua hii inawahusu zaidi wanaolima mboga zinazoliwa mbichi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100 na yai moja la minyoo kwa lita. Mwongozo wake wa 2006 ulisogea mbele: badala ya kutegemea namba moja ya maji, unaweka vizuizi kadhaa kati ya maji na mdomo. Kubadilisha kutoka kunyunyizia hadi matone ni kizuizi. Kuacha siku kadhaa kati ya kumwagilia mara ya mwisho na kuvuna ni kingine, kwani jua na ukavu huua bakteria siku baada ya siku. Kuosha mboga kwa maji safi hupunguza takriban mara 10. Mayai ya minyoo ni magumu zaidi, hayafi upesi, lakini ni mazito: hutua chini maji yakikaa kwenye bwawa, mradi usivute kutoka chini kabisa.

Hatua ya 9: Kuamua

Majibu yakija katikati, si mazuri wala si ya kutupa, una njia tatu. Badilisha zao. Changanya maji: sehemu moja ya kisima chenye EC 2.4 na sehemu mbili za mto wenye 0.3 hutoa 1.0. Au ongeza maji ya kusukuma chumvi chini. Kwa hilo la tatu, chukua EC ya maji, igawanye kwa mara tano ya chumvi ambayo udongo unaweza kubeba bila zao kupungua, ukiwa umetoa kwanza EC ya maji. Nyanya huvumilia udongo wa 2.5, hivyo kwa maji ya 1.2 ni 1.2 gawanya kwa 11.3, karibu asilimia 11. Mahindi, yanayovumilia 1.7, yanataka asilimia 16. Kama udongo hautoi maji chini, njia hii haipo, na ziada itainua tu maji ya ardhini pamoja na chumvi yake.

Baada ya kipimo kimoja kamili cha maabara huna haja ya kulipia kila mwezi. Pima EC mwenyewe kila wiki mbili wakati wa kumwagilia, uandike kwenye daftari pamoja na kina cha maji kisimani. EC ikipanda zaidi ya moja ya tano ya ile iliyokuwapo siku ya sampuli ya maabara, uwiano wa sodiamu huenda nao umebadilika, na hapo peleka chupa nyingine.